Maganda ya viazi, parachichi na makombo ya mama lishe: kuku wale nini?

«Shikamoo daktari. Nafuga kuku 32 hapa Uyole, Mbeya, chotara na wa kienyeji wamechanganyika. Chakula cha dukani kimepanda bei, kwa hiyo kijana wa chipsi jirani yangu ananiletea ndoo ya maganda ya viazi kila jioni, na mama lishe mmoja ananipa wali, ugali na maharage yaliyobaki. Nyumbani tuna mparachichi, matunda yakianguka wanajilia wenyewe. Mwezi uliopita walikufa 4 ndani ya siku chache. Walijikunyata, wakaharisha kijani, mmoja shingo ikapinda akawa anatazama juu. Mama mkwe anasema ni parachichi, tuukate mti. Waliobaki wanataga kidogo na mayai yana ganda laini. Naomba unieleze makombo yapi ni salama na mimea ipi ya bustani ni sumu. Nyuma ya nyumba nina mchicha, chinese, nyanya na uzio wa nyonyo. Na mayai yao, tuendelee kula?»

Marahaba, dada, na pole kwa hasara. Panga liweke chini kwanza. Kwa dalili ulizozieleza, mparachichi wako hauna kesi ya kujibu. Kuku aliyejikunyata, akaharisha kijani, kisha shingo ikapinda, kwa yeyote aliyezoea mabanda ya huku kwetu jina la kwanza linalomjia ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Kirusi chake hushambulia utumbo, njia ya hewa na mishipa ya fahamu. Kinyesi huwa kijani kwa sababu kuku ameacha kula na nyongo inapita peke yake. Shingo hupinda kwa sababu ubongo umeguswa. Siwezi kuapa kwa kusoma barua tu, maana mafua ya ndege makali nayo huweza kuonyesha sura hiyohiyo, na ndiyo maana vifo vya namna hii vinatakiwa vimfikie afisa mifugo wa kata. Lakini ona: barua yako yote haikugusia chanjo hata mara moja.

Kuna namna ya kutenganisha sumu na ugonjwa hata kabla mtaalamu hajafika. Sumu kali ya chakula huua kwa mpigo. Kundi limekula pamoja asubuhi, jioni walioanguka ni wengi, na mara nyingi wa kwanza kuanguka ni wababe wa banda, jogoo na mitetea minene iliyokuwa na afya tele jana yake, kwa kuwa ndio waliowahi sahani wakala kingi. Ugonjwa wa kuambukiza huenda kwa zamu: leo mmoja, kesho wawili, na mara nyingi wanapooza siku nzima kabla ya kufa. Kuku wako wanne waliondoka kwa mtindo huo wa pili.

Kwa hiyo kabla ya habari za maganda, wachanje hao 28 waliobaki, ila si leo kama bado kuna anayeonyesha dalili. Afisa mifugo ndiye atakayekupa siku. Chanjo ya mdondo inayostahimili joto, ile ya I-2, hutolewa tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wengi huchanja mara moja wakati wa vifaranga, wakafunga kitabu. Maji ya shubiri, mwarobaini au pilipili hayazuii mdondo. Najua karibu kila mfugaji ana bibi aliyeyatumia na kuku wakapona, lakini katika kila mlipuko kuna wanaopona wenyewe, na sifa inakwenda kwa chochote kilichokuwa kwenye maji siku hiyo.

Sasa tuje kwenye parachichi, maana mama mkwe hakutunga. Mparachichi una sumu kweli, inaitwa pesini. Nyingi iko kwenye majani, halafu kwenye ganda na kokwa, na kidogo sana kwenye nyama ya tunda lililoiva. Inaharibu misuli ya moyo, na kwa wanyama wanaonyonyesha inaharibu pia kiwele: mbuzi aliyekula majani mengi ya mparachichi hukauka maziwa na kiwele kikawa kigumu. Afrika Kusini mbuni waliwahi kufa kwa kula majani na matunda machanga. Kasuku na ndege wadogo wa kufugwa ndani huweza kufa kwa kipande kidogo tu. Kuku ni mgumu zaidi kuliko hao, na ndiyo sababu Rungwe na Njombe, ambako miparachichi imejaa mpaka mlangoni, kuku bado wapo wanadonoa nyama ya tunda bivu bila kupinduka. Ushauri wangu ni wa kati kwa kati: usiwape parachichi kama chakula, okota yaliyoanguka, na hasa ganda, kokwa na matawi uliyopogoa yasiingie bandani. Kuku anayezurura akidonoa tunda moja lililoiva, usikose usingizi. Kama una mbuzi, wasiwasi wako uelekeze huko.

Ndoo ya maganda ya viazi ndiyo inayonisumbua kuliko mti. Kiazi mviringo kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani. Ule ukijani wenyewe hauna neno, ni rangi ileile ya majani, lakini ni ishara kwamba kiazi kimepata mwanga, na mwanga huohuo umekichochea kutengeneza solanini, sumu yake ya kujilinda. Solanini hukaa hasa kwenye ganda, kwenye macho na kwenye machipukizi, yaani kwenye vitu vilevile ambavyo kijana wa chipsi anavimenya na kuvitupa kwenye ndoo yako. Viazi vinavyouzwa kando ya barabara vikiwa kwenye magunia wazi, jua la mchana likivipiga, ndoo yake itakuwa na kijani cha kutosha. Wanaosema «nitachemsha sumu iishe» wanajidanganya: solanini haivunjiki kwa joto la maji ya kuchemka. Sehemu yake hutoka na kuingia kwenye maji, nyingine inabaki palepale.

Lakini sikuambii umwambie kijana asilete tena. Mwaga ndoo kwenye turubai kabla ya giza. Chochote chenye kijani, chipukizi au kilichooza, toa, na kisiende kwa kuku wala kwa nguruwe wa jirani. Yanayobaki yachemshe mpaka yapondeke kwa vidole, mwaga maji yake mbali na banda, yaache yapoe, kisha changanya na pumba. Kuchemsha kuna faida nyingine: wanga wa kiazi kibichi kuku hausagi vizuri, na kiazi kibichi kina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, ambavyo joto linaviharibu. Ukiwamwagia maganda mabichi wanashiba bila kupata kitu. Na usihesabu kiazi kama mahindi. Kiazi ni maji kwa karibu asilimia 80, kwa hiyo kilo nne hadi tano za viazi ndizo zinazokaribia kilo moja ya mahindi. Majani na mashina ya mviazi, pamoja na vile vitunda vya kijani vinavyotokea baada ya maua, vibaki shambani.

Maharage ya mama lishe hayana ubaya, kwa kuwa yamepikwa yakaiva. Ninaloogopa ni makapi ya maharage, yale yaliyokunjamana na kupasuka ambayo baada ya kupeta watu huyamwaga uani yakiwa mabichi. Ndani yake mna lektini, protini inayong'ang'ania ukuta wa utumbo na kuuchubua. Joto la kuchemka sawasawa huiua. Joto la nusunusu haliiui, tena linaweza kuifanya iwe kali zaidi. Na sisi wa nyanda za juu tuna tatizo letu wenyewe: Uyole iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya Mbeya yanakula kuni kuliko ya Dar es Salaam. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu mpaka yapondeke. Bila kuni za kutosha, usianze. Njegere hazina shida ya kiwango hicho.

Nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Mahindi unayowapa, au yale ya pumba unayonunua, yametoka wapi? Maana kama kuna mazoea moja ambayo ningeyafuta katika nyumba zote za Mbeya, Iringa na Njombe, ni hili: mwezi wa saba tunapukuchua, yaliyo meupe tunaweka kwenye gunia la familia, yaliyooza, ya kijivu na yenye unga wa kijani, tunasema «haya ya kuku». Tunadhani tumeokoa hasara. Tumempa kuku sumukuvu.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Hainuki na haionekani; ukungu unaweza kupukutika ukapeta ukaisha, sumu ikabaki ndani ya punje. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Iligunduliwa kupitia ndege: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na wachunguzi walipofuatilia wakakuta mashudu ya karanga kutoka Brazili yameota kuvu. Hapa kwetu mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa mahindi ya nyumbani kwao. Kwa bata na vifaranga kiasi kidogo kinatosha. Kuku mkubwa hustahimili zaidi, na huko kustahimili ndiko kunakotupumbaza, kwa sababu hafi. Anaharibika ini, utagaji unashuka, manyoya yanachakaa, na kinga ya mwili inadhoofika kiasi kwamba hata akichanjwa chanjo haishiki ipasavyo. Kisha mdondo ukipita mtaani anakuwa wa kwanza, na lawama anapewa mparachichi. Baridi na ukungu wetu wa asubuhi huleta pia kuvu wa kundi la Fusarium, wenye sumu za kwao, na ambao huanza mahindi yakiwa bado kwenye bua. Mahindi mabovu yazike au yachome. Najua inauma kuzika debe la mahindi. Kama ni machache tu yamechanganyika na mazuri, chagua punje kwa mkono, usitegemee macho ya kuku.

Kuhusu makombo ya mezani yenyewe, kanuni yangu ni fupi: leo hii au usiwape. Ugali na wali wa mchana wapewe jioni hiyohiyo; kilichobaki kwenye sahani usiku kiondolewe. Chakula kilichokaa ndooni siku mbili kikaanza kutoa povu kina bakteria ambao hutaki wafike bandani. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mizoga. Kuku aliyefia kichakani akaoza, wenzake hula funza wake, na wale funza wamebeba sumu ya botulini. Atakayewala hulegea miguu, kisha mabawa, kisha shingo inalala chini kabisa, macho yakiwa bado yanaona. Watu huichanganya na mdondo, lakini shingo ya mdondo hupinda na kukakamaa, hii inalala. Zika mizoga kwa kina, usitupe mtoni wala kwa mbwa.

Chumvi inasahaulika. Chakula cha kawaida cha kuku kina gramu 3 hadi 5 tu za chumvi kwa kilo. Mchuzi wa mama lishe, chipsi zilizobaki na samaki wa chumvi vinapita hapo mbali. Kuku mwenye maji ya kutosha huikojoa. Aliyekosa maji kwa saa chache za mchana anaweza kufa. Kwa hiyo chuja mchuzi, suuza maharage, na maji yasikauke bandani. (Pilipili ya chipsi haiwasumbui: ndege hawausikii ukali wake.) Dagaa wa Nyasa, yaani usipa, wakiwa wamekaushwa bila chumvi ni protini nzuri sana, twanga uchanganye, ila usizidishe sehemu moja kati ya kumi ya chakula, mayai yatanuka samaki. Vitunguu vingi navyo huharibu ladha ya yai, na vikizidi mno vinaharibu damu. Vipande vilivyo kwenye mboga si hoja. Majani ya chai yaliyotumika na machicha ya kahawa yapeleke kwenye mbolea. Machicha ya komoni au kimpumu, pombe zetu za kienyeji, watu huwapa, na kuku hulewa kweli. Yakianikwa yakakauka ni chakula, yakiwa mabichi si ya kuku anayetaga.

Tuingie bustanini. Chinese, majani ya maboga, matembele, sukuma wiki, kabichi, majani ya karoti, karoti zenyewe, maboga, papai, ndizi mbivu na maganda yake yaliyokatwakatwa, yote wape. Magugu kama kongwa na mashona nguo machanga wanayapenda. Mchicha ni mzuri lakini usiwe wa kila siku kwa kuku wanaotaga, kwa sababu una okzalati, kitu kinachoshika madini ya chokaa tumboni yasifike kwenye yai, na mayai yako tayari yana ganda laini. Mbegu za maboga wape kama chakula. Hazitoi minyoo kama inavyosemwa, kwa minyoo nunua dawa. Majani mabichi yana kazi nyingine inayokulipa: mahindi yetu ni meupe na hayana rangi ya kumpa kuku, kwa hiyo bila majani kiini cha yai hupauka. Wateja wako wanataka kiini cha njano. Funga fungu la majani kwa kamba, ulining'inize usawa wa mdomo, waruke wakidonoa. Ukitupa chini wanalikanyaga na kulichafua.

Nyanya nyekundu ni salama. Majani, mashina na nyanya mbichi za kijani si salama, ni ndugu wa kiazi. Mnavu vilevile: sisi tunaula ukiwa umepikwa, lakini usiwatupie matawi yenye vitunda vibichi. Kisamvu kibichi na maganda ya muhogo hutoa sianidi. Yaliyokaushwa juani vizuri hupungua sana, mabichi usiwape. Lukina, ule mti wa malisho, hulisha mbuzi vizuri kwa sababu tumbo lao lina vijidudu vya kuivunja sumu yake. Kuku hana hivyo vijidudu, majani machache tu yatosha. Mnanaha, ule wenye tunda la miiba unaoota kwenye mahindi na majalalani, ng'oa kabla haujamwaga mbegu. Oleanda, kichaka chenye maua ya rangi ya waridi kinachopandwa getini, ni sumu ya moyo toka mzizi hadi jani.

Na uzio wako wa nyonyo ndio ningeung'oa leo, tena kabla ya kugusa mparachichi. Mbegu ya nyonyo ina risini, mojawapo ya sumu kali zilizomo kwenye mimea. Ikimezwa nzima huweza kupita bila madhara makubwa, lakini kuku ana firigisi, na kazi ya firigisi ni kusaga. Isitoshe mbegu zake zina madoa ya kupendeza na zinaanguka hapohapo watoto wanapocheza. Ukiung'oa, kusanya mbegu zote, uzizike au uzichome.

Utauliza, mbona kuku wa kijiji wanazunguka siku nzima kati ya mimea hii na hawafi? Kwa sababu anayezurura ana vya kuchagua: anadonoa kidogo hapa, akikutana na uchungu anaacha. Kuku aliyefungiwa ana njaa na hana chaguo. Ukimmwagia bandani rundo la matawi uliyofyeka atayala hata yale ambayo nje angeyapita. Vifo vingi vya mimea huanzia kwenye rundo la namna hiyo. Vilevile usimwage nyasi ndefu. Zikate vipande vya urefu wa kucha, na changarawe isikose, kwani nyuzi ndefu hujisokota kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, zikaziba. Asubuhi kabla hujawalisha, mshike mmoja mmoja umpapase chini ya shingo, upande wake wa kulia wa kifua: gole liwe tupu, limelegea. Ukikuta donge kama unga uliokandwa, na jana jioni alikula sawa na wengine, huyo ana kizuizi, mtenge na umwite mtaalamu. Usimpindue kichwa chini kumtapisha, maji yatamwingia mapafuni.

Kuna sumu moja inayopita zote nilizotaja, na haioti bustanini. Ni dawa tunazopulizia. Viazi vya Uyole na Uporoto hupuliziwa dawa ya ukungu mara nyingi kwa msimu, kabichi hupuliziwa ya wadudu, mahindi ya ghalani huchanganywa na dawa ya unga, mbegu za dukani zimepakwa dawa yenye rangi nyekundu, kijani au buluu ili mtu asizile. Majani ya nje ya kabichi yanayotupwa sokoni Mwanjelwa, ambayo wafugaji huyagombea kwa magunia, ndiyo yaliyopokea dawa nyingi. Yaoshe kwa maji mengi, au mwombe muuzaji akwambie yametoka shamba gani. Wakati wa kupanda, mfuko wa mbegu usiachwe wazi hata kwa dakika ya kunywa maji. Kuku aliyekula dawa ya wadudu hutoa udenda, hutetemeka, miguu inakufa ganzi, na kadhaa huanguka ndani ya saa chache. Hapo ndipo lile neno «kwa mpigo» linapotimia.

Sasa ganda laini la mayai. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku, na ndani ya hizo anahitaji karibu gramu 4 za kalsiamu, kwa sababu kila ganda la yai linakula karibu gramu 2 na si yote anayokula inanyonywa. Anahitaji pia protini, asilimia 16 au 17 ya chakula. Wali, ugali na viazi ni wanga, kalsiamu yake ni ya kuhesabu kwa chembe. Ukimjaza gole kwa gramu 60 za makombo, umempunguzia kalsiamu na protini kwa nusu bila kumnyima kitu mdomoni. Kwanza hukopa kwenye mifupa yake, kisha ganda linalegea, mwisho anaacha kutaga. Makombo yasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo: kwa kuku 28 ni kama theluthi moja ya kilo kwa siku kwa jumla. Ndoo ya kijana wa chipsi ni kilo nyingi. Wale wa kienyeji wanaozurura wanaweza kuzidisha kidogo, wanajitafutia wadudu. Chotara hawawezi.

Njia zako ni tatu. Kununua chakula kamili, ghali lakini bila kichwa kuuma. Kuchanganya mwenyewe kwa mahindi safi au pumba, mashudu ya alizeti, usipa, chokaa ya mifugo na virutubisho vya dukani, ambayo hupunguza gharama kama una mizani na subira. Mwombe afisa ugani akupigie hesabu kwa viungo vilivyopo karibu nawe. Ya tatu ndiyo unayoifanya sasa, na kwa kuku chotara wanaotaga ni rahisi mfukoni tu. Mimi ningechagua ya pili, huku maganda yaliyochemshwa yakichukua sehemu ndogo ya mahindi. Iwe njia yoyote, weka kopo la chokaa ya mifugo au maganda ya chaza yaliyosagwa pembeni, wale wenyewe wanapohitaji. Chokaa ya kupaka ukuta si hiyo. Maganda ya mayai yakaushe motoni, yasage yasionekane ni ya yai, la sivyo watajifunza kula mayai.

Usisubiri barua nyingine kama wataanguka wawili au zaidi kwa siku moja, kama kuna wanaokoroma au wanaovimba kichwa na kishungi kikawa cha zambarau, au kama unashuku dawa za shambani. Mwite afisa mifugo wa kata. Mzoga mpya, uliofungwa kwenye mifuko miwili na kuwekwa kwenye barafu bila kugandishwa, ukiufikisha ndani ya siku hiyo kwenye maabara ya mifugo, ndio utakaojibu swali la mama mkwe kwa uhakika. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Iringa, na afisa wako atakuelekeza namna ya kusafirisha sampuli. Beba pia kiganja cha chakula walichokula. Shika mzoga kwa mfuko mkononi, nawa kwa sabuni.

Mayai kuleni, ila yaive kabisa mpaka kiini kigande, na yenye ufa yatumike siku hiyohiyo au yatupwe. Mdondo kwa binadamu kwa kawaida hauzidi wekundu wa macho kwa anayewashika wagonjwa. Usile mayai wala nyama ukishuku dawa ya wadudu. Wakipewa dawa za kuua bakteria, kaa siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kula au kuuza. Kama umekuwa ukiwapa mahindi yenye kuvu, yabadilishe leo, na mayai ya wiki mbili za mwanzo usiwape watoto. Kuku anayeumwa usimchinje ili kuwahi nyama.